Podikasti za Wanafunzi na Hakimiliki: Mwongozo kwa Mwalimu, Kuanzia Muswada hadi Kupakia Mtandaoni

Kurekodi kipindi cha sauti darasani si kazi ngumu tena. Simu janja moja, au kimojawapo cha vishikwambi walivyogawiwa walimu wa Tanzania baada ya sensa ya mwaka 2022, pamoja na chumba chenye utulivu, vinatosha kabisa kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu kutengeneza podikasti ya dakika kumi inayosikilizika vizuri. Ugumu huanza pale kipindi kinapokuwa tayari, kimepambwa kwa wimbo unaovuma na kipande cha matangazo ya redio kilichochukuliwa mtandaoni, na mwalimu anataka kukipakia ili wazazi na shule nyingine wakisikie. Kuondoa wimbo wakati huo ni kuibomoa kazi nzima, kwa kuwa sauti za wanafunzi na muziki vimekwisha kuchanganywa pamoja. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unasimamia jambo moja: maswali ya hakimiliki yaulizwe wakati muswada unaandikwa, na yaulizwe pamoja na wanafunzi wenyewe, kwa kuwa wao ndio watunzi wa kipindi na wao pia wana haki ndani yake.

Msingi wa maelezo haya ni sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, Kenya inatumia sheria ya mwaka 2001 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, na Uganda ina sheria ya mwaka 2006. Ili maelezo yasibaki hewani, tuchukue darasa la Kiswahili mkoani Tanga linalotaka kutengeneza kipindi kuhusu Shaaban Robert, aliyezaliwa mkoani humo mwaka 1909 na kufariki dunia mwaka 1962. Wanafunzi wanataka kusoma beti za mashairi yake, kunukuu utangulizi ulioandikwa na mhakiki, kuweka muziki wa taarabu chini ya sauti zao, kumhoji mzee anayezijua tenzi kwa moyo, na kutumia picha ya mshairi kuwa nembo ya kipindi. Kila kimoja kati ya hivyo kina jibu lake.

Hatua ya kwanza: Amueni kipindi kitasikika wapi

Kifungu cha 12 cha sheria kinataja matumizi ambayo hayahitaji kibali cha mwenye haki. Mojawapo ni kuitumia kazi ya mtu kuwa kielelezo cha kufundishia, hata ndani ya rekodi ya sauti, kwa masharti yanayokwenda pamoja: kiasi kilichotumika kilingane na lengo la kufundisha, matumizi yasimdhulumu mwenye kazi, na jina la mtunzi pamoja na chanzo vitajwe. Ruhusa hiyo ni pana kuliko walimu wengi wanavyodhani, lakini imefungwa kwenye lengo. Beti tatu zinazosomwa na kuchambuliwa ni kielelezo cha somo. Wimbo unaopigwa mwanzoni ili kipindi kipendeze haufundishi chochote, na hauwi wa elimu kwa sababu tu umewekwa na mwanafunzi.

Kipindi kinachosikilizwa darasani na kusahihishwa na mwalimu kiko mahali salama zaidi, kwa sababu lengo la kufundisha linaonekana wazi na wasikilizaji ni walewale wanaofundishwa. Kipindi kinachopakiwa kwenye jukwaa la umma, ambako mtu yeyote duniani anaweza kukisikiliza na kukipakua, kimetoka kwenye eneo hilo hata kama shule haipati senti moja. Kati ya hali hizo mbili kuna kikundi cha WhatsApp cha wazazi, na hapa ndipo walimu wengi hujidanganya. Faili la sauti likishatumwa kwenye kikundi chenye watu zaidi ya mia, hakuna awezaye kulizuia lisisambazwe. Ushauri wangu ni kwamba kikundi cha WhatsApp kihesabiwe kuwa ni umma.

Uamuzi uandikwe juu ya ukurasa wa kwanza wa muswada: "Kipindi hiki ni cha darasani tu," au "Kipindi hiki kitapakiwa mtandaoni." Darasa likiwa bado halijaamua, lipange kama linalokwenda mtandaoni, kwa maana ni rahisi kukifungia darasani kipindi kilichokuwa safi kuliko kukisafisha kile kilichotengenezwa kwa ajili ya darasa.

Hatua ya pili: Fungueni daftari la haki

Mteueni mwanafunzi mmoja katika kila kundi awe mtunza daftari la haki, naye apewe heshima sawa na mtangazaji na mhariri. Kazi yake ni kuandika kila sauti, kila maneno na kila picha isiyotoka kwa wanakikundi wenyewe: ni kitu gani, kimetoka wapi, nani mwenye haki, kinatumika kwa msingi gani, na ushahidi uko wapi. Katika kipindi cha darasa letu la Tanga, daftari lingesomeka hivi:

Dakika 0:00 hadi 0:20. Udi, umepigwa na mwanafunzi wetu, tuni ni yake mwenyewe. Ridhaa imesainiwa na mwanafunzi na mzazi, iko kwenye jalada.

Dakika 2:10. Beti mbili za Shaaban Robert kutoka kitabu cha maktaba ya shule, toleo na ukurasa vimeandikwa. Muda wa ulinzi umekwisha nchini.

Dakika 4:35. Sentensi mbili za utangulizi wa mhakiki aliye hai. Nukuu kwa ajili ya uchambuzi, jina lake linatajwa hewani.

Dakika 6:00. Sauti ya mawimbi, kutoka tovuti ya Freesound, leseni ya CC BY (inayoruhusu kutumia kwa sharti la kumtaja mtunzi). Kiungo, jina la aliyerekodi na tarehe ya kupakua vimeandikwa.

Kanuni ya daftari ni moja na haina msamaha: sauti isiyo na mstari wake haiingii kwenye kipindi. Kuandika "Google" au "YouTube" kwenye nafasi ya chanzo hakukubaliki, kwa sababu hayo ni majina ya mahali kitu kilipoonekana, nayo hayamwelezi mtu nani aliyekitengeneza.

Hatua ya tatu: Tenganisheni haki zilizorundikana ndani ya sauti moja

Mwanafunzi akisikia wimbo wa taarabu husikia kitu kimoja. Kisheria amesikia kazi za watu wengi. Shairi lina mtunzi wake, na tuni ina mtunzi wake, ambaye huenda akawa mtu mwingine. Mwimbaji na wapigaji wa fidla, udi na ganuni wana haki zao za uigizaji, na aliyegharamia na kusimamia kurekodi ana haki juu ya rekodi. Hizo ndizo sheria inazoziita hakishiriki. Kipande kilichonaswa kutoka redioni kinaongeza haki ya kituo cha utangazaji. Kibali cha mtu mmoja hakifungui milango ya wengine.

Wimbo wa Taifa wa Tanzania unalionyesha jambo hili vizuri darasani. Tuni yake ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 1905, kwa hiyo tuni yenyewe imekwisha toka kwenye hakimiliki siku nyingi. Lakini rekodi iliyopigwa na bendi fulani na kupakiwa mtandaoni hivi karibuni inaweza kuwa bado na mwenyewe. Wanafunzi wanaotaka tuni ya zamani waipige au waiimbe wenyewe, na hapo tabaka la rekodi linakuwa lao. (Wimbo wa Taifa una pia taratibu zake za heshima zilizowekwa na serikali, hizo hazihusiani na hakimiliki, na mkuu wa shule aziulizie kabla ya kuutumia.)

Tafsiri nayo ni tabaka. Tamthilia za Shakespeare ni huru kwa watu wote, ila tafsiri za Kiswahili alizozifanya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, zina ulinzi wake zenyewe, na kwa hesabu ya sheria yetu zitaendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2049.

Hatua ya nne: Hesabuni muda wa ulinzi

Kwa kazi za maandishi na muziki, sheria ya Tanzania Bara inalinda haki za kiuchumi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya na Uganda nazo zinatumia miaka 50. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Miaka 50 ilitimia mwaka 2012. Kwa hesabu hiyo wanafunzi wa Tanga wanaweza kuyasoma mashairi yake yote, mazima, bila kuomba kibali kwa mtu. Hili ni jambo la furaha kwa mwalimu wa fasihi, nami nasikitika kwamba halitumiwi vya kutosha.

Hata hivyo yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kitabu kilicho mkononi hakina maneno ya mshairi peke yake. Utangulizi, maelezo ya chini ya ukurasa, faharasa ya maneno magumu na mchoro wa jalada ni kazi za watu wengine, na wengi wao wangali hai. Pili, kila nchi ina hesabu yake, na majukwaa makubwa ya podikasti yako Marekani. Huko kitabu kilichochapishwa mwaka 1951 kinaweza kulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa, bila kujali mwandishi alifariki lini. Kwa kipindi cha shule chenye beti chache zinazochambuliwa, tofauti hiyo si ya kuwatisha. Kwa mradi wa kusoma diwani nzima na kuipakia, mwandikieni kwanza mchapishaji.

Kinyume chake, wanafunzi wasidhani kwamba kazi ya kigeni haina mlinzi hapa. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mkataba huo unaitaka kila nchi mwanachama izilinde kazi za watunzi wa nchi nyingine wanachama bila kudai usajili wowote. Wimbo wa Kikorea au wa Kinaijeria unalindwa hapa sawa na wimbo wa bongo fleva.

Hatua ya tano: Nukuuni kwa kiasi, na mzungumzieni mlichonukuu

Imeenea mashuleni, na hata kwenye studio ndogo, kwamba sekunde 30 za wimbo wowote ni bure. Hakuna kifungu kinachosema hivyo, Tanzania wala Kenya wala Marekani. Sheria haihesabu sekunde; inauliza kama kiasi mlichochukua kinalingana na haja yenu. Sekunde nane zinaweza kuwa nyingi mno zikiwa ndizo kiitikio ambacho wimbo mzima umejengwa juu yake, na dakika nzima inaweza kuwa halali ikiwa wanafunzi wanaisimamisha mara kwa mara kuonyesha vina na mizani.

Kipimo ninachowashauri walimu wakitumie ni hiki: kiondoeni kipande hicho kwenye muswada, kisha someni upya. Ikiwa uchambuzi wa wanafunzi unabaki hauna cha kushikilia, kipande kilikuwa nukuu. Ikiwa kipindi kinabaki kilekile, isipokuwa kimepungua utamu, kipande kilikuwa pambo, na pambo linahitaji kibali. Nukuu ije mara moja na maelezo yake, mtunzi atajwe kwa sauti ndani ya kipindi, na maneno yasipotoshwe. Kukata ubeti katikati hata ukageuka maana ni kumvunjia mtunzi haki yake ya kimaadili, ambayo haimhusu mfadhili wala mchapishaji bali heshima ya jina lake.

Mwalimu aliye Kenya atambue kwamba sheria ya huko inataja matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na habari za matukio ya sasa, kwa sharti la kutaja chanzo. Kipindi cha wanafunzi kinachohakiki shairi kinaingia hapo vizuri zaidi kuliko kipindi kinacholisoma tu, kwa hiyo uhakiki uonekane tangu kwenye muswada.

Hatua ya sita: Tafuteni muziki mahali panaporuhusiwa

Njia bora kupita zote ni kuutengeneza muziki wenyewe. Karibu kila shule ina mwanafunzi anayepiga ngoma, kinanda cha kanisani, dufu au gitaa, na muziki wa kufungulia kipindi hauhitaji kuzidi sekunde 15. Rekodi ya kengele ya shule, ya kelele za gulioni au ya mvua juu ya bati inakipa kipindi mahali pake kwa namna ambayo hakuna muziki wa kununua utakaoiweza. Ninasisitiza njia hii kwa sababu inaondoa maswali yote ya kibali, na kwa sababu mwanafunzi aliyepiga zumari mwenyewe anaelewa haraka kwa nini mpigaji mwingine asingependa kazi yake ichukuliwe bila kuulizwa.

Njia ya pili ni kazi zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons, ambazo zinapatikana kwenye tovuti kama Free Music Archive, Freesound na Wikimedia Commons. Kila kazi ina leseni yake hata ikiwa kwenye tovuti ileile, kwa hiyo isomwe moja moja. Alama ya CC0 inamaanisha mwenye kazi ameachilia haki zake kadiri sheria inavyoruhusu. BY inadai jina la mtunzi litajwe. SA inadai kazi mpya iliyotokana na ile ya kwanza itolewe kwa leseni hiyohiyo, jambo ambalo linaweza kukigusa kipindi chenu chote. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na shule binafsi inayotaka kukitumia kipindi kuwa tangazo la kuandikisha wanafunzi wapya ikae mbali nayo. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Kwa kuwa podikasti hukata, hupunguza na huchanganya, nawashauri wanafunzi waiache kabisa. Siku ya kupakua, mtunza daftari apige picha ya skrini inayoonyesha leseni, kwa maana mtunzi anaweza kuiondoa kazi yake kwenye tovuti baadaye, nanyi mkabaki bila ushahidi wa kile kilichoandikwa siku ile.

Zipo njia tatu ambazo wanafunzi watazipendekeza na ambazo mwalimu hana budi kuzikataa kwa maelezo. Kulipia huduma ya kusikiliza muziki kama Boomplay au Spotify kunampa mtu haki ya kusikiliza tu. Biti zinazoitwa za bure kwenye YouTube mara nyingi ni bure kwa mazoezi, na masharti ya kuzisambaza yamo kwenye maelezo yaliyo chini ya video, ambayo hayasomwi na wengi. Muziki au sauti iliyotengenezwa na programu ya akili mnemba nayo ina masharti ya kampuni yenye programu, mengine yakizuia akaunti za walio chini ya umri fulani. Na kuiga sauti ya msanii anayejulikana ili aonekane amezungumza kwenye kipindi chenu ni jambo ambalo shule isiliruhusu kwa hali yoyote.

Kuhusu nembo ya kipindi, picha ya Shaaban Robert iliyookotwa mtandaoni ina mpiga picha wake, na mchoro ulionakiliwa mstari kwa mstari kutoka kwenye picha hiyo bado unaitegemea. Mwanafunzi mwenye kipaji achore kalamu, kitabu, au ufukwe wa Tanga.

Hatua ya saba: Ombeni kibali kwa maandishi

Yapo mazingira ambayo kazi fulani haina mbadala. Darasa letu linaweza kuona kwamba wimbo mmoja wa kikundi cha taarabu cha Unguja ndio pekee unaoendana na mada yao. Hapo waombe, na waombe mapema, wiki kadhaa kabla ya kurekodi. Kwa kazi za Tanzania Bara, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inayofahamika kwa kifupi cha COSOTA, inaweza kuwaelekeza mwenye haki ni nani na mirabaha, yaani malipo ya kutumia kazi ya mtu, inalipwa wapi. Zanzibar ofisi husika ni COSOZA, na Kenya ni Bodi ya Hakimiliki, yaani KECOBO. Barua iandikwe na wanafunzi, isainiwe na mkuu wa shule na kupigwa muhuri. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"YAH: OMBI LA KUTUMIA WIMBO WENU KATIKA KIPINDI CHA SAUTI CHA WANAFUNZI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wanafunzi wa Kidato cha Tatu tunaotengeneza kipindi cha dakika kumi kuhusu maisha na mashairi ya Shaaban Robert. Tunaomba kutumia sekunde 40 za mwanzo wa wimbo wenu uliotajwa hapa chini, chini ya sauti ya msimulizi. Kipindi kitapakiwa kwenye ukurasa wa shule kwa mwaka mmoja, kitasikilizwa bure, na hakitakuwa na matangazo ya biashara. Tutataja majina ya mtunzi, mwimbaji na kikundi ndani ya kipindi na kwenye maelezo yake. Ikiwa haki za tuni, mashairi au rekodi ziko kwa mtu mwingine, tunaomba mtujulishe ili tumwandikie naye."

Barua hiyo inataja kiasi, mahali, muda, malipo na namna ya kutaja majina, kwa sababu kibali hakivuki kile kilichoombwa. Jibu la simu linalosema "tumieni tu, wanangu" ni la ukarimu, lakini mwombeni aliyelitoa aliandike hata kwa ujumbe mfupi, kisha ujumbe huo uhifadhiwe. Na kimya si kibali. Barua isipojibiwa, wimbo hautumiki, hata kama kipindi kimepangwa kurushwa siku ya mahafali.

Hatua ya nane: Lindeni haki za mzee mnayemhoji na za wanafunzi wenyewe

Mzee anayeghani utenzi mbele ya simu ya mwanafunzi ni mwigizaji kwa maana ya sheria, na rekodi ya ghani yake haiwezi kusambazwa bila ridhaa yake. Aelezwe kwa lugha anayoielewa vizuri kwamba sauti yake itasikika mtandaoni na kwamba watu wasiomjua wataweza kuihifadhi. Asomewe fomu, asaini au aweke dole gumba, na sauti yake akitoa ridhaa irekodiwe pia mwanzoni mwa mahojiano. Kipindi kikishahaririwa, apelekewe akisikilize kabla hakijapakiwa. Sheria haiwalazimishi kufanya hivyo, lakini adabu inawalazimisha.

Ngano, nyimbo za jando, nyimbo za kutwangia na methali zisizo na mtunzi anayejulikana zina nafasi yake katika sheria ya mwaka 1999, inayozuia zisitumiwe kibiashara nje ya mazingira yake ya asili bila idhini. Kenya ilitunga sheria maalumu ya maarifa ya jadi na tamaduni mwaka 2016. Kipindi cha shule kisicho cha biashara hakina sababu ya kuziogopa hazina hizi, ila kitaje jamii na mahali zilikotoka, na kiheshimu pale wazee wanaposema kwamba wimbo fulani hauimbwi mbele ya watu wote.

Sasa tuje kwa wanafunzi, ambao mara nyingi husahauliwa. Mwalimu aliyeajiriwa anapoandaa kazi katika utumishi wake, haki za kiuchumi huwa za mwajiri isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Mwanafunzi si mwajiriwa. Muswada aliouandika, tuni aliyoitunga na nembo aliyoichora ni mali yake tangu alipoikamilisha, na wakiandika kwa pamoja wanaimiliki kwa pamoja. Shule inayotaka kukipakia kipindi, kukipeleka kwenye mashindano au kukitumia mwaka ujao inahitaji ridhaa ya mwanafunzi na, akiwa chini ya miaka 18, saini ya mzazi au mlezi. Fomu iseme wazi kipindi kitawekwa wapi na kwa muda gani, mwanafunzi atatajwa kwa jina lipi, na kwamba anaweza kuomba kiondolewe. Kwa kuwa sauti na jina la mtoto ni taarifa zake binafsi, fomu hiyohiyo itasaidia pia kutimiza matakwa ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina la kwanza pekee linatosha hewani. Mzazi akikataa, mtoto apewe kazi isiyomweka hewani, na alama zake zisipungue.

Hatua ya tisa: Rekodini kwa tabaka, tajeni majina, kisha pakieni

Katika programu ya kuhariri, sauti za wanafunzi ziwekwe kwenye mkondo wake na muziki kwenye mkondo wake, na faili la mradi lihifadhiwe pamoja na lile la mwisho. Mwishoni mwa kipindi mtangazaji asome shukrani, kwa mfano: "Mashairi ni ya Shaaban Robert. Udi umepigwa na mwenzetu. Sauti ya mawimbi imetoka Freesound, kwa leseni ya Creative Commons." Viungo na majina kamili ya leseni yaandikwe kwenye maelezo ya kipindi. Wanafunzi wakumbushwe kwamba shukrani hizi hazichukui nafasi ya kibali pale kibali kinapohitajika. Kabla ya kupakia, mtunza daftari akisikilize kipindi chote akiwa na daftari mkononi, dakika kwa dakika, na mwalimu asaini mwishoni. Akaunti ya kupakilia iwe ya shule, na mkuu wa shule aulizie kwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama aina ya kipindi chenu inahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni.

Kipindi kinaweza kulalamikiwa hata mkiwa mmefuata yote haya. Mifumo kama Content ID ya YouTube hulinganisha sauti kwa mashine, na mashine haijui kifungu cha 12 wala haijui kwamba mna barua ya kibali. Likija lalamiko, kifungeni kipindi kwanza, kisha fungueni daftari kwenye dakika iliyotajwa. Mkiwa na kibali au leseni, jibuni kwa kuambatanisha ushahidi. Msipokuwa nao, badilisheni mkondo wa muziki na mwandikieni mlalamikaji kumjulisha. Pingamizi rasmi chini ya sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998 (DMCA) ni suala la uzito mwingine, kwa sababu anayelituma hutoa tamko la kisheria na kukubali mamlaka ya mahakama za huko. Lisitumwe na mwanafunzi wala na mwalimu peke yake, bali na uongozi wa shule baada ya kupata ushauri wa mwanasheria. Toleo lililorekebishwa likishapakiwa, mtunza daftari aandike tarehe, dakika iliyoguswa na kilichobadilishwa.